Livingstone: damu iliyomkatalia njia ya Katanga

KISENGE (Lualaba) – Kati ya Januari na Aprili 1873, mzungu mmoja mgonjwa alikuwa anabebwa mabegani mwa watu ndani ya maji ya kinamasi cha Bangweulu, katika nchi tunayoiita leo Zambia. Jina lake David Livingstone. Hakuwa anarudi kwao Uskoti. Alikuwa amepanga kulizunguka ziwa hilo kwa upande wa kusini, kisha ageukie magharibi mpaka kwenye machimbo ya shaba ya Katanga, huku kwetu, ili aone kwa macho yake mahali ambapo mto Lualaba unaanzia. Hakufika. Tarehe 1 Mei 1873, mbele ya mapambazuko, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, katika kijiji cha chifu Chitambo, amekwisha kukata roho.

Watu hao waliamua kumrudisha kwao. Ili maiti isioze njiani, walimfungua tumbo na kutoa vitu vya ndani. Upande wa kushoto walikuta donge la damu iliyoganda, ukubwa wake kama mkono wa mtu.

Kwa mwezi mzima mbele ya kifo, Livingstone alikuwa anapoteza damu kwa njia ya haja kubwa. Sasa namna gani mtu ambaye damu yake inakataa kusimama anakutwa na donge kubwa hivyo ndani ya mwili? Waganga wanakutana na jambo la namna hiyo hata leo, Kolwezi kama Bukavu, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kuvuja damu hapa na kugandisha pale. Na kwa Livingstone, jibu halipatikani katika siku za mwisho peke yake. Linaanza miaka 30 nyuma.

Meno ya simba

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 aliingizwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, kazi ya saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na baada ya hapo shule ya jioni. Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari Glasgow. Alipata diploma mwaka 1840, na Desemba ya mwaka uleule akapanda meli kwenda Afrika ya Kusini akiwa mmisionari.

Mwaka 1844, katika kijiji cha Mabotsa, simba aliyekuwa anamaliza mifugo ya watu alimrukia. Livingstone alikuwa ametoka kumpiga risasi, lakini mnyama alikuwa bado na nguvu. Alimshika sehemu ya juu ya mkono wa kushoto, akauvunja mfupa, akaacha alama 11 za meno katika nyama. Hapakuwa na hospitali wala damu ya kuongezewa. Aliishi.

Aliishi kwa sababu damu yake, siku ile, ilifanya kazi yake sawasawa. Mshipa ukipasuka, kwanza unajikaza wenyewe ili damu ipite kidogo. Ndani ya ukuta wa mshipa kuna nyuzi ambazo kwa kawaida hazigusani na damu. Zikifunuliwa, vipande vidogo sana vinavyoelea katika damu, ambavyo laboratwari zetu zinaviita plakete, vinakuja kujibandika pale. Mtu mzima mwenye afya ana kati ya plakete 150 000 na 400 000 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu, na kila moja inaishi kama siku 10 tu. Haziwezi kushika ukuta bila gundi. Gundi hiyo ni protini inayobeba jina la muganga wa Finland, Erik von Willebrand, ambaye mwaka 1926 alieleza ugonjwa wa familia moja ya visiwa vya Åland iliyokosa kitu hicho na ambayo watoto wake walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu.

Lakini plakete peke yake ni kama matope bila fito. Ukuta haukai. Ndipo protini nyingine za damu, zaidi ya kumi, zinaamshana moja baada ya nyingine, mpaka inapatikana ile inayoitwa trombini. Trombini inachukua protini iliyoyeyuka katika damu, fibrinojeni, na kuigeuza nyuzi ngumu za fibrini. Nyuzi hizo zinasukana kama wavu wa mvuvi, zinanasa plakete na chembe nyekundu, na hilo ndilo donge. Likikauka juu ya ngozi tunaliita kigaga. Baadaye, kidonda kikianza kupona, mwili wenyewe unatuma protini nyingine kuyeyusha wavu huo polepole.

Kwa hiyo mambo mawili yanafanyika pamoja kila saa katika mwili wa mtu mzima: kugandisha na kuyeyusha. Afya ni ule mzani kati yake. Ukilala upande mmoja, mtu anavuja. Ukilala upande wa pili, damu inaganda ndani ya mshipa ambao haukukatika kabisa.

Jeraha la Livingstone lilipona, ila mfupa haukuunganika vizuri. Tangu hapo mkono ule ulimpa taabu kila alipotaka kuuinua. Kumbuka mfupa huo, tutaurudia.

Njia ya Dilolo

Watu wa Kisenge wanajua jina la Dilolo kwa sababu ni teritware yao. Lakini kuna pia ziwa Dilolo, ng'ambo ya mpaka, katika Angola, na Livingstone alipita pale Februari 1854. Alikuwa ametoka Linyanti tarehe 11 Novemba 1853 pamoja na wanaume 27, akitafuta njia ya kufika bahari ya Atlantiki. Katika nchi ya Walunda, binti mmoja wa ukoo wa kichifu, Manenko, ndiye aliyemwongoza mpaka kwa mjomba wake Shinde. Manenko alitembea mbele, katika mvua, kwa mwendo ambao yule mzungu juu ya ng'ombe wake alishangaa nao. Mwisho wa mwezi ule walivuka Kasai. Tarehe 31 Mei wakaingia Luanda.

Mashuleni tulifundishwa kwamba mtu huyu aligundua nchi hizi. Mimi nadhani Manenko angecheka.

Alifika Luanda akiwa mifupa mitupu, ameishiwa na malaria na kuhara damu, akalazwa katika nyumba ya mwakilishi wa Uingereza. Meli za kwao zilikuwapo bandarini na angeweza kuondoka. Alikataa, kwa sababu alikuwa amewaahidi wale wanaume 27 kwamba atawarudisha nyumbani. Kwa hiyo mwaka 1855 alipita tena upande wetu. Alitamani kufika kwa Mwant Yav, mfalme mkuu wa Walunda, ila hakufika. Homa nyingine ilimlaza chini siku nyingi katika nchi hiyohiyo. Alipofika tena ziwa Dilolo alielewa kitu kilichomfurahisha sana: uwanda ule ni mgongo unaogawa maji, upande mmoja yanaenda Kasai na hatimaye Kongo, upande wa pili yanateremka Zambezi.

Ni katika miaka hiyo ya Walunda kwamba damu yake ilianza kuharibika. Hatujui kwa kipimo cha laboratwari, maana hakikuwapo, lakini tunajua malaria inafanya nini kwa mtu anayeipata mara kumi, mara ishirini. Kidudu chake kinaingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua. Katika malaria kali, chembe zilizo na kidudu zinajibandika kwenye kuta za mishipa midogo, kana kwamba pale kuna jeraha, na mwili unaanza kugandisha mahali ambapo hapakuhitaji. Plakete zinatumika na kupungua. Ndiyo sababu mtoto mwenye malaria kali, akipimwa, mara nyingi anakutwa na plakete chache sana. Bandama, kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu, kinachuja chembe zilizoharibika. Kikifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka kinavimba na kuwa kigumu, na kinazuia ndani yake plakete ambazo zingekuwa zinazunguka mwilini.

Livingstone alijitibu kwa vidonge alivyovitengeneza mwenyewe: kinini, mizizi miwili ya kuharisha, na kalomeli, yaani dawa ya zebaki. Kinini kilimwokoa, hapana shaka, na kiliwaokoa wengi waliosafiri naye. Dawa za kuharisha zilikuwa jambo lingine. Mtu ambaye utumbo wake tayari unatoa damu haongezewi dawa ya kuukwangua. Lakini huo ndio udaktari wa wakati ule, na yeye hakuwa mjinga kuliko wenzake.

Mei 1856 alifika Quelimane, upande wa bahari ya Hindi, akiwa amevuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki. Mwaka huohuo muganga Mjerumani, Rudolf Virchow, alichapisha kazi zake juu ya damu inayoganda ndani ya mishipa. Virchow ndiye aliyeonyesha kwamba donge linaweza kuzaliwa katika mguu, likang'oka, likasafiri na damu na kuziba mishipa ya mapafu. Mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa Lubumbashi na Goma wanajifunza sababu tatu zinazobeba jina lake: damu isiyotembea, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu yenyewe iliyobadilika. Livingstone, bila kujua, alikuwa anazikusanya zote tatu.

Siri ya mwanaume

Safari yake ya pili, ile ya Zambezi, ilianza 1858 na ikaisha vibaya mwaka 1864. Mke wake, Mary, alikufa kwa malaria huko Shupanga mwezi wa Aprili 1862. Alipokuwa Uingereza baada ya hapo, Livingstone alikuwa na bawasiri iliyokuwa inamtoa damu nyingi. Madaktari walimshauri apasuliwe. Alikataa. Alikuwa mtu mashuhuri, magazeti yalimfuata, na hakutaka habari za sehemu ile ya mwili wake zisomwe na kila mtu.

Hapa nataka kusimama kidogo. Tunacheka habari hii, lakini ni nani kati yetu hajui baba au mjomba aliyeficha damu katika choo miaka miwili, mitatu, kwa sababu ya haya? Kwa Livingstone, operesheni ile ingekuwa na hatari yake, maana wakati ule usafi wa vyumba vya kupasulia ulikuwa mdogo. Lakini alirudi Afrika mwaka 1866, akiwa na miaka 53, na mshipa uliokuwa tayari umefunguka.

Mtu anayepoteza damu kidogo kidogo hafi siku hiyo. Anapoteza madini ya chuma, halafu chembe nyekundu. Na kuna ubaya wa pili usioonekana. Protini kadhaa za kugandisha zinatengenezwa na ini, na ini haliwezi kuzikamilisha bila vitamini K, ambayo tunaipata kwa wingi katika majani kama lengalenga. Mtu anayehara miezi mingi hainyonyi vizuri. Anakula, lakini vitamini inapita. Hapo damu inazidi kuwa nyepesi, kidonda kinazidi kutoka, mtu anazidi kudhoofika. Ni mviringo.

Januari 1867, katika safari yake ya mwisho, mbebaji mmoja alitoroka na kisanduku cha dawa. Kinini chote kikaenda. Livingstone aliandika siku ile kama mtu aliyesomewa hukumu ya kifo.

Kabambare, Nyangwe

Kuanzia hapo safari inaingia kwetu. Novemba 1867 alikuwa ziwa Mweru. Januari 1869 alishikwa na ugonjwa wa mapafu, akakohoa damu, na mfanyabiashara Mwarabu Mohamad Bogharib ndiye aliyemtunza na kuamuru abebwe kwa machela. Livingstone aliyechukia biashara ya watumwa aliokolewa mara kadhaa na watu wa biashara hiyo. Ni jambo ambalo yeye mwenyewe liliuma moyo wake.

Mwaka 1870 alikwama Bambarre, yaani Kabambare ya leo, katika Maniema. Vidonda vikubwa vya miguu vilimlaza ndani ya nyumba siku karibu 80. Kila akikanyaga chini, damu ilitoka. Dawa iliyomsaidia zaidi ya nyingine zote itawafurahisha wasomaji wa Kolwezi na Likasi: malakiti, lile jiwe la kijani la shaba, lililosagwa juu ya jiwe lingine pamoja na maji na kupakwa kwa unyoya. Hakufika Katanga, lakini shaba ilimponya miguu.

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, akiamini kwamba ule ndio mto Nili. Tarehe 15 Julai, wapiga bunduki wa wafanyabiashara wa watumwa waliwamiminia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi au kwa kuzama mtoni, kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona. Aligeuka, akarudi Ujiji akiwa anahara damu, na aliyoyaandika juu ya siku ile yalisaidia kumlazimisha sultani wa Zanzibar kufunga soko lake la watumwa mwezi wa Juni 1873. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja mbele.

Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871, akampa chakula na dawa, akamsihi warudi pamoja. Hakukubali. Tarehe 25 Agosti 1872 aliondoka Unyanyembe, karibu na Tabora, kuelekea Bangweulu na Katanga.

Donge lilisema nini

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, vyombo vyake vya kupimia njia vilikuwa vimeharibika, na kinamasi kikawapotezea majuma. Tangu tarehe 31 Machi 1873 damu ilitoka bila kukoma. Tarehe 10 Aprili aliandika kwamba amekuwa mweupe, hana damu, hana nguvu. Tarehe 21 alijaribu kupanda punda, akashindwa. Wakamtengenezea machela. Usiku wa tarehe 30 Aprili alimwomba Susi kisanduku cha dawa, akachagua kalomeli, ileile ya kuharisha. Kijana Majwara, aliyelala karibu naye, ndiye aliyewaita wengine.

Kazi ya kumfungua ilifanywa na Farijala, ambaye zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Zanzibar. Yeye ndiye aliyeona donge, na ndiye aliyewaonyesha wenzake mapafu, yaliyokauka na kuwa na mabaka meusi na meupe. Hakuna daktari mwingine aliyeona ndani ya mwili ule. Yote ambayo maprofesa wa London waliandika baadaye juu ya kifo hicho yanasimama juu ya macho ya Farijala.

Madaktari hawakukubaliana. Katika kitabu cha shajara za mwisho kilichotoka mwaka 1874 kuna maelezo ya daktari aliyewahi kumtibu Livingstone katika Afrika: yeye alifikiri ni bandama iliyowaka. Mahali pa donge, upande wa kushoto, panakubaliana naye. Bandama iliyovimba kwa miaka 20 ya malaria inaweza kupasuka kidogo, na damu inayomwagika ndani ya tumbo inaganda hapo ilipo. Wengine walitazama utumbo, kwa sababu ndipo damu ilipokuwa inatokea.

Kwa namna yoyote ile, jibu la swali letu linaonekana. Donge lile halikuwa kinyume cha kuvuja damu. Lilikuwa alama yake. Mwili ulikuwa unajaribu kuziba. Ulikuwa na fibrinojeni ya kutosha kusuka wavu mkubwa kama mkono, lakini ulisuka mahali damu ilipokwisha kumwagika, si pale mshipa ulipofunguka. Na kila donge kubwa linakula plakete na protini ambazo tundu lingine lilikuwa linazingojea. Waganga wa leo wanaliona jambo hilo kwa mama aliyevuja sana baada ya kujifungua: anagandisha, anagandisha, kisha akiba inakwisha na damu inatoka nyembamba kama maji, hata pale alipochomwa sindano.

Kuna donge la aina nyingine, lile la Virchow, linalotembea. Mtu mwingine ambaye jina lake halitoki katika historia yetu, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alipasuliwa tumbo tarehe 14 Desemba 1909 kwa sababu ya utumbo uliozibika, na siku tatu baadaye akafa. Kilichomuua ni donge lililosafiri katika damu. Operesheni, kulala bila kusogea, damu inayokimbilia kuganda baada ya kisu: sababu zote zilikuwepo. Hakuwahi kukanyaga Kongo, hata siku moja.

Aina hiyo ndiyo inayotisha zaidi kwa sababu haina damu ya kuonyesha. Mguu mmoja unavimba na kuuma, mwingine uko sawa. Halafu ghafla pumzi inakatika na kifua kinachoma. Inawapata waliotoka kupasuliwa, mama wajawazito na waliojifungua karibuni, wenye kansa, waliolala kitandani muda mrefu, na pia wenye SS, ambao chembe zao nyekundu zinajikunja na kukwama. Mtu mwenye dalili hizo anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kumkanda mguu nyumbani kunaweza kuling'oa donge.

Upande wa pili wa mzani wako watoto wa kiume wenye emofilia, ambao wanakosa protini moja tu katika ule mlolongo, ya nane au ya tisa, na tohara ndiyo mara nyingi inayowafichua. Wako pia walioumwa na nyoka aina ya bafe, ambaye sumu yake inamaliza fibrinojeni. Kwa hao kuna kipimo ambacho hata zahanati isiyo na umeme inaweza kukifanya: damu kidogo katika chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, inaachwa bila kuguswa dakika 20, kisha inalazwa upande. Ikimwagika, damu haigandi, na mgonjwa anahitaji dawa ya sumu bila kungoja. Farijala angekielewa kipimo hicho mara moja.

Miezi tisa njiani

Moyo wa Livingstone na vitu vya ndani walivizika palepale kwa Chitambo, ndani ya sanduku la bati, chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga katika kitambaa, kisha katika gamba la mti, kisha katika turubai lililopakwa lami. Halafu Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mpaka Bagamoyo. Njiani, huko Unyanyembe, mzungu Cameron aliwashauri wauzike pale. Walikataa. Walifika pwani Februari 1874.

London, mpasuaji William Fergusson aliitwa kuthibitisha kwamba mwili uliokauka namna ile ni wa Livingstone kweli. Uso haukutosha. Alishika mkono wa kushoto, akatafuta sehemu ya juu ya mfupa, na akakuta pale mahali ambapo simba wa Mabotsa alikuwa ameuvunja miaka 30 mbele, haujaunganika. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa katika kanisa la Westminster. Wainwright alikuwa kati ya waliosindikiza jeneza. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakakaa na mhariri Horace Waller kumweleza yale ambayo shajara haikuweza kuandika, pamoja na habari ya lile donge.